Kuku Aliyekuwa Akiatamia

Mwezi uliopita tulikutana nyumbani kwa Agnes, mjane wa Wycliffe, kumkumbuka marehemu mumewe. Agnes alipika kama anavyopika siku zote: matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, mchuzi wa karanga, na pilau ya kuwanyamazisha Wakenya. Sebule ilikuwa imejaa wazee wenzangu wa kwaya ya zamani, wengine na mikongojo, wengine na wajukuu magotini. Baada ya sala, mshereheshaji alisimama akasema Wycliffe alikuwa mtu wa furaha, hakupenda watu wanune, kwa hiyo dada Rispa asimame atupe ile ya kuku. Hata sijainuka, watu wakaanza kucheka. Nilisema sina la kusema. Wakadhani ni majonzi, na bwana mmoja ambaye siku ile hakuwepo akanisaidia kuisimulia: jinsi bibi wa kijijini alivyofurahi kuona wageni hata akawapa kuku wake, na jinsi Rispa wetu, kwa huruma zake za ajabu, alivyomwonea kuku uchungu akamrudisha mbio huku amempakata kama mtoto mchanga. Alipiga magoti pale kwenye zulia kutuonyesha bibi alivyofanya. Agnes alicheka mpaka akafuta machozi. Yeye simlaumu, aliolewa baadaye, na hiyo ndiyo hadithi aliyopewa. Wengine nawalaumu. Walikuwepo, waliona kwa macho yao, na miaka yote hii wamekubali kuisimulia hivyo kwa sababu ikisimuliwa hivyo inawaacha walale. Nimerudi kwangu na hasira ambayo daktari wa presha amenikataza, na nitaandika nikiwa nayo.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Kuta za maghorofa zilikuwa bado na matundu ya risasi, na wenye majengo walikuwa wakipaka rangi juu ya matundu yale yale bila kuyaziba. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Kenya kuja Buganda kuuza vipuri vya magari katika duka moja la Nakivubo, na nilipanga Kawempe, katika kile wanachokiita muzigo, chumba kimoja kwenye safu ya vyumba vilivyoshikana, mlango mmoja na dirisha moja vinavyotazama uani. Nilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, ndoo mbili, na pazia la maua la kugawa chumba ili mgeni asione kitanda. Ukuta haukufika kwenye bati, kwa hiyo alichokaanga jirani nilikinusa na alichosema nilikisikia. Upande mmoja alikaa Mama Neema, Mkongo mwuza vitenge, tuliyepika naye jioni, sombe yake ya majani ya muhogo na ugali wangu, ambao yeye aliuita bukari na kuulalamikia kwamba ni laini mno, unafaa mgonjwa. Upande wa pili alikaa mwenye nyumba, tuliyemwita Nnalongo kwa kuwa alikuwa mama wa pacha, mwanamke mpana mwenye sauti ya chini. Alinipenda kwa sababu nilifagia ua bila kuambiwa. Lakini kila nilipofungua mdomo kwa Kiswahili, uso wake ulijifunga.

Sikuelewa. Kwetu Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya kanisani, ya kutongozea na ya kugombania. Sokoni Kalerwe nilipouliza bei ya nyanya kwa Kiswahili, mwenye nyanya alitazama pembeni kama hajasikia, na wa meza ya pili akamnong'oneza kitu wakanyamaza wote mpaka niondoke. Niliumia, kisha nikaanza kuwachukia. Nilijiambia hawa ni watu wenye maringo. Hadi jioni moja, nikiwa namenya ndizi ndani, nikamsikia Nnalongo uani akizungumza na Mama Neema, na wakizungumza kwa Kiswahili, maana hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana. Nilishika kisu hewani nikasikiliza.

“Mimi Kiswahili najua,” Nnalongo alisema. “Walikuja na bunduki, wanasema reta kuku, reta pesa, reta musichana. Sisi tunasema ndiyo afande. Hiyo ndiyo Kiswahili yangu, imeisha.”

Baadaye, tukiwa tunakula, Mama Neema akaniambia kwa upole, bila kuniangalia, “Hawa batu balipigwa na hii luga, dada. Usibakasirikie.” Kuanzia siku ile nilijifunza kuanza na “nnyabo”, yaani mama, kabla ya kitu chochote, na Nnalongo mwenyewe akawa ananifundisha salamu za Kiganda asubuhi nikiwa nateka maji. Wanawake wa Buganda hupiga magoti wakisalimia, na salamu yenyewe ni ndefu, inapita kwenye usingizi, kwenye nyumba, kwenye kazi, inashukuru na kuguna na kuanza tena. Aliniambia magoti peke yake si heshima. Mtu akipiga magoti asiseme neno la salamu, basi hajakuheshimu, amekuogopa tu. Nilicheka aliposema hivyo, nikaona ni mambo ya wenyewe.

Jumapili ndiyo siku niliyokuwa napumua. Kanisa letu lilikuwa na ibada ya Kiswahili, na kwaya yake ilikuwa ya Wakenya na Wakongo, watu wa maduka, wa magereji na wa maofisi, na tukiwa pamoja tulizungumza kwa sauti kubwa kama watu waliofunguliwa midomo. Wycliffe alikuwa mwimbaji wa besi na karani wa kampuni ya malori. Mzungu mmoja aliyekuwa bosi wake aliporudi kwao alimwachia darubini na kitabu cha ndege, na Wycliffe, ambaye hakuwa na simile kwa jambo lolote alilolipenda, akakimeza kitabu kizima. Baada ya ibada akawa anatutoa kutembea, kwenye mabwawa, kwenye vilima, kandokando ya ziwa, tukitafuta ndege. Tuliokuwa tunawajua kaloli, wale korongo wakubwa wa kwenye majalala, peke yao sasa tukawa tunabishana juu ya keremkerem na mnandi. Alikuwa akisimama nyuma yangu, ananishikia darubini, ananigeuza kichwa kidogo kwa vidole viwili mpaka ndege aingie kwenye duara. Sitaficha, nilimpenda. Kwaya nzima ilijua, na Mama Neema alikwisha kuuliza kitenge cha harusi kiwe cha rangi gani. Utani wake ndio uliotushinda nguvu. Alikuwa na filimbi na koti la kijani la kijeshi alilolitoa kwenye mitumba, na akituongoza alijifanya kamanda, haya mstari mmoja, kulia geuka, nani huyo anatafuna, nasi tukipiga saluti na kucheka.

Mwishoni mwa Agosti, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinajaribu, alituambia ni wakati wa ndege wa kaskazini kuanza kushuka, na akakodi basi dogo kutupeleka hifadhi moja ukingoni mwa ziwa. Tulikwenda tukiimba. Wanawake tulikuwa tumebeba chapati, soda na mkaa wa kuchomea ndizi. Getini tulipewa askari wa hifadhi, afande Drani, mtu mrefu wa West Nile mwenye sare ya kijani na bunduki begani, kwa ajili ya viboko, alisema, na kwa kuwa sharti lilikuwa mtu asitembee mle peke yake. Drani hakujua Kiganda. Alizungumza nasi Kiswahili cha kambini, na Wycliffe alifurahi mno kupata afande wa kweli wa kutaniana naye. Asubuhi ile tuliona mengi, na sitasema hayakuwa mazuri. Tuliona keremkerem wakikata hewa juu ya maji, na furukombe akishuka na kupanda na samaki. Kisha Drani akatuinulia mkono tusimame. Mbele yetu, katikati ya majani yaliyolala, korongo taji alikuwa ameketi kwenye kiota.

Wycliffe alitugeukia, kidole mdomoni, na kwa mnong'ono akatuhutubia. Nayakumbuka maneno yake vizuri kuliko ahadi alizonipa. Alisema ndege anayeatamia hasogelewi. Akiinuka kwa hofu mayai yanapoa, na yakipoa yamekufa, na mwenye kosa hatalijua kosa lake kwa sababu atakuwa amekwisha kwenda zake. Watu wazima, wauza mabati na mafundi wa injini, tulirudi kinyumenyume tukiinua miguu, tusivunje hata kijiti. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alilia kwa kuguswa.

Tulichokuwa tumekifuata hasa ni bulwe, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, asiyeonekana kirahisi. Njia ilipopita ukingoni mwa hifadhi tuliona nyumba ya udongo imejitenga, jiko lake la nyasi pembeni, shamba dogo la magimbi, na nyuma yake mafunjo yaliyosimama ndani ya maji. Wycliffe akasema wenyeji ndio wanaojua, tukaulize. Nilikuwa nyuma, zamu ya darubini ikiwa yangu, nikipekua mafunjo kumtafuta huyo bulwe. Nilimsikia akipuliza filimbi, akiita kwa ile sauti yake ya ukamanda, “Hodi hapa. Mama, toka. Iko ndege kubwa hapa?” Drani alisimama kando yake na bunduki yake. Wengine walijipanga nyuma, wakicheka.

Bibi alitoka. Alikuwa mzee, amejifunga kitambaa kiunoni, mikono ina unga wa muhogo. Alipiga magoti palepale mlangoni, akainamisha kichwa, na hakusalimia. Wycliffe akauliza tena habari za ndege, akipigapiga viwiko kama mbawa, watu wakacheka zaidi. Bibi akasema, “Ndiyo afande.” Akaulizwa wako wangapi, akasema ndiyo afande. Kisha akainuka bila kunyoosha mgongo, akaingia jikoni, akatoka na kuku, akampa Wycliffe kwa mikono miwili na kurudi chini magotini. Shangwe ikalipuka. Mtu alisema huu ndio ukarimu wa Buganda tuliokuwa tunasimuliwa. Wycliffe alishukuru kwa saluti.

Na mimi wakati huo nilikuwa nimemwona msichana. Alikuwa ndani ya mafunjo, maji yamemfika shingoni, mkono ameuziba mdomo wake mwenyewe, na darubini ilimleta karibu hata nikaona maji yakimtetemeka kidevuni. Alikuwa akinitazama. Nilishusha darubini, nikabaki naona mafunjo matupu. Nikaiinua tena, yupo. Sijawahi kuona uso wa namna ile, wala kabla wala baada, na katika kitabu cha Wycliffe hakukuwa na kitu cha kunisaidia nijue natazama nini. Kabla sijasema neno Wycliffe alinijia akicheka, akanitia yule kuku kwapani, beba, mama jikoni, akapuliza filimbi tuondoke. Nikamshika kuku chini ya tumbo kumtuliza. Tumbo lake lilikuwa halina manyoya, ngozi tupu, ya moto. Yeyote aliyefuga kuku anajua maana yake. Alikuwa ametolewa juu ya mayai.

Hakuna mwenyeji duniani anayempa mgeni kuku anayeatamia. Atampa jogoo, atampa tetea aliyemaliza, ataazima kwa jirani. Anayetoa wa kwenye mayai ni yule anayeshika cha karibu ili walio mlangoni waondoke upesi, kabla hawajaanza kutazama huku na huku. Nilimkimbilia Wycliffe njiani nikamwambia yote, tumbo la kuku na msichana majini. Alisikiliza huku akitembea. Alisema msichana anakata mafunjo, ndiyo kazi yao. Nikamwuliza mtu hukata mafunjo mkono umeziba mdomo? Akaniambia nishushe sauti, nitaharibia watu siku.

Tulipofika mahali pa kupumzikia mkaa ulikuwa umeshawashwa na mtu ananoa kisu. Nilikataa kumtoa kuku. Nilisimama katikati yao nikasema kwa sauti kwamba yule bibi alidhani sisi ni wanajeshi, amemficha mjukuu wake majini, na kwamba lazima turudi sasa hivi tukaeleze. Hakuna aliyeniuliza swali. Walianza kunieleza desturi. Walisema Buganda ukikataa zawadi umemtukana mtu, walisema kupiga magoti ni kawaida yao, Rispa, wewe si unakaa nao? Yote mawili ni kweli, na ndiyo yanayonichoma mpaka leo, kwamba walichukua adabu za watu wakazifanya kichaka cha kujificha. Kisha Wycliffe akanijia karibu, na hakuwa anatania tena.

“Hawa watu wanatutemea mate tukiongea lugha yetu,” alisema. “Kila siku, sokoni, ofisini, kila mahali. Leo mmoja ametupa kuku, moja tu, na wewe unataka tuombe msamaha?”

Watu walimpigia makofi. Nami nilijua anachosema, nilikuwa nimesimama Kalerwe na kikapu kitupu kama wao. Lakini yeye aliijua hofu ya yule bibi. Hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa ameijua tangu pale mlangoni, na ilimpendeza. Mwanamume aliyetufundisha kurudi kinyumenyume mbele ya korongo. Nikahisi kitu nilichokuwa nimemwekea kinageuka chuki palepale, nikiwa bado nimesimama mbele yake, na sikujaribu kukizuia.

Nilimwomba Drani anirudishe. Alinitazama, akamtazama kuku, akaitikia kwa kichwa. Nikamwomba aache bunduki. “Mimi hapana acha bunduki,” alisema. “Bunduki ni ya serikali.” Tulikubaliana abaki kwenye kona ya njia, mimi niende mwenyewe nikiwa mbele ya macho yake. Nilitembea nikijaribu Kiganda mdomoni, tetuli bajaasi, sisi si wanajeshi, tetuli bajaasi, na salamu zote alizonifundisha Nnalongo, kwa mpangilio wake.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko. Msichana alikuwa bado majini, kwa maana watu waliopitia yale hawatoki mpaka wawe na hakika. Aliponiona aliinuka. Kisha akamwona kuku, na nikauona uso wake ukianguka, na hapo tu, hapo nimeshafika, ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikukiwaza njia nzima: kwamba kwa mtu kama yeye, kuku akirudishwa maana yake amekataliwa. Nilipiga magoti. Nikamsalimia, nnyabo, musiibye mutya, nikasema tetuli bajaasi, nikarudia. Hakunisikia. Alikuwa akitazama juu ya bega langu, kwenye kona, ambako sare ya Drani ilionekana kati ya majani. Akaanza kusema haraka haraka, akinionyesha nyumba, akinionyesha jiko, akifungua viganja vitupu, hakuna kingine, hakuna, hakuna.

Mafunjo yakatikisika. Msichana akatoka majini mwenyewe, gauni limemgandama, tope mpaka magotini, akaja moja kwa moja bila kutazama pembeni. Alikuwa wa umri wa kuvaa sare ya shule. Akapiga magoti kando ya bibi yake, mbele yangu, akasema kwa sauti ndogo, “Jjajja, leka ngende.” Kiganda changu kilikuwa cha sokoni, lakini hayo niliyaelewa. Bibi, niache niende. Bibi alimshika gauni kwa mikono miwili, akamvuta chini yake, akamlalia.

Nilimwacha kuku aende, akakimbilia jikoni. Nilisema tena kwamba sisi si wanajeshi, nikasema kwa sauti zaidi ili wanisikie, na kadiri sauti yangu ilivyopanda ndivyo walivyozidi kujibana ardhini. Basi nikainuka nikaondoka, nikikimbia, kwa sababu ndicho kitu kimoja tu walichokihitaji kutoka kwangu. Drani hakuniuliza neno, alinifuata nyuma mpaka kwenye basi. Walikuwa wameshapanda, wanakula chapati na kuimba, hasira zao zimewaishia kabisa. Wycliffe alikuwa ameniwekea nafasi dirishani. Alisogea, akapangusa kiti kwa kiganja chake, akaniuliza kama walishukuru.